Mama Neema, hiyo nyumba ya Mbezi Beach msiiuze kwa bei ya kichwani

Sinza, Machi 2019

Shoga yangu Mama Neema,

Za huko Dodoma kwenye vumbi? Sisi huku wazima, watoto wanasoma, Baba Ibra anakusalimu anasema zabibu umeahidi mpaka umechoka. Meseji yako nimeiona, nikaona hii siwezi kujibu kwa WhatsApp kwa kukatakata, ngoja nikae niandike.

Unauliza eti bei za nyumba Dar zimeshuka kweli au ni maneno ya madalali. Zimeshuka, ila sio sawasawa kila mahali, na kuna sehemu hata hazijashuka, zimeganda tu, yani bei ipo palepale kwenye tangazo ila mnunuzi hayupo. Na huko kwenu Mbezi Beach ndo ziliko hizo.

Masaki na Oysterbay kwanza, mana kule ndo kulianza. Zile nyumba wapangaji wake wengi ni watu wa kulipiwa na ofisi, wa migodi, wa gesi, wa mashirika, kwa dola tena mwaka mzima mbele. Hao wamepungua. Vibali vya kazi vimebana tangu ile sheria ya 2015, mambo ya gesi ya baharini yamelala, halafu 2017 ukaja ugomvi wa serikali na mgodi juu ya makinikia, ule mchanga wa dhahabu, ukamalizia. Alafu Januari 2018 serikali ikasema bei za watu wa ndani zitajwe kwa shilingi, kodi za nyumba zikiwemo, basi mwenye nyumba aliyezoea kuhesabu dola akajikuta anafanya hesabu upya na hesabu haimpendezi. Ukipita Haile Selassie sahivi mabango ya kupangisha mpaka yamepauka. Mtu aliyekuwa hataki kusikia chini ya kodi ya mwaka leo anakwambia lete ya miezi mitatu dada angu na rangi nitakupakia.

Sasa nyie Mbezi Beach, na Mikocheni humohumo. Kule wenye nyumba ni wafanyabiashara, wastaafu, na watumishi kama shemeji, watu waliojenga kidogokidogo kwa posho za semina na safari na vibiashara vya pembeni. Vyuma vilivyokaza, yani hela kuadimika, ndo viliwakuta hao hao. Semina za hotelini zimefutwa, hela za mashirika ya serikali zilitolewa benki za biashara zikapelekwa Benki Kuu, benki nazo zikawa kali kwenye mikopo, vyeti feki 2017 vikaondoa watumishi karibu elfu kumi. Alafu nyie mmehama na wizara kwenda Dodoma. Kwa hiyo wauzaji wametokea wengi kwa mkupuo na wanunuzi ndo walewale waliofilisika.

Ila wauzaji hawashushi! Na sababu ninayoiona mimi ni kwamba huku kwetu karibu kila mtu amejenga kwa hela yake mfukoni, mkopo wa nyumba wa benki ni wa kuhesabu na riba yake inacheza kwenye asilimia 15 mpaka 19 nani atauweza. Sasa mtu ambaye hadaiwi na mtu hakuna kinachomkimbiza, anaweka mlinzi, anaandika namba ya simu ukutani, anasubiri Mungu alete tajiri. Ndo mana ukisikia bei za matangazo utadhani soko halijaguswa. Bei ya tangazo ni hamu ya mwenye nyumba, usiihesabu kama hela.

Kuna mama mmoja huko huko kwenu, upande wa juu wa barabara, alinipa kazi ya kumfuatilia makaratasi na kumtafutia mtu. Nikampelekea mnunuzi, kijana wa Kariakoo, duka lake la vitenge. Yule kijana hata sebuleni hakukaa. Akafungua bomba la jikoni akaliacha litiririke, akapanda juu ya tenki kuangalia kama maji ni ya DAWASCO au ya boza, akapiga hatua toka ukuta mpaka barabarani akihesabu kwa midomo, kisha ndo akauliza hati ina jina la nani na mume yuko wapi mana bila sahihi ya mwenza hatoi hata mia. Akataja nusu ya bei. Mama wa watu akanigeukia mimi kama ndo nimemtukana, akasema heri iote nyasi. Baadaye alinipigia mwenyewe anasema yule kijana mwambie aje tuongee, na kijana keshanunua viwanja viwili Goba na kimoja keshapiga msingi. Nyumba mpaka leo ipo, mlinzi anaanika nguo kwenye baraza.

Yule kijana kupiga zile hatua sio bure. Toka ile bomoabomoa ya Morogoro Road 2017, Kimara mpaka huko Kiluvya, watu hawanunui kitu karibu na barabara kubwa kabla ya kujua hifadhi ya barabara inaishia wapi. Kule ilikuwa mita 121.5 kila upande, nyumba za ghorofa zilikula X nyekundu ya kubomolewa, wengine wana makaratasi yao mkononi. Kwa hiyo Kimara na Mbezi ya Luis zile za mbele barabarani zilikosa soko kabisa, wakati za ndani ndani zinaendelea vizuri tu kwa sababu mwendokasi upo.

Unataka kujua hela inaenda wapi? Inaenda kwenye vipande vidogo. Goba, Madale, Kinyerezi, Chanika, Kibaha, viwanja vilivyopimwa vya kulipa kwa awamu. Mtu hawezi kununua nyumba yenu ila anaweza kutoa kidogo kila mwezi kwa kiwanja huko porini, baada ya mwaka ukimtembelea ana chumba kimoja na choo na yuko ndani anakwepa kodi ya kupanga. Tabata na Segerea nako nyumba za kawaida zinatoka, polepole, mana wanaonunua wanakaa wenyewe, hawasubiri mzungu wala kampuni.

Kigamboni sikushauri kwa sasa, najua shemeji anapapenda. Watu walifungiwa kuendeleza maeneo yao miaka na miaka kwa sababu ya ule mji mpya uliotangazwa 2008 na haukuja, alafu 2016 daraja likafunguliwa wakapandisha bei siku hiyohiyo kana kwamba daraja limejengwa kwa ajili ya viwanja vyao. Daraja lenyewe unalipia kupita. Na yale maghorofa ya Dege ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ujenzi wake umesimama vilevile, mnunuzi akiyaona anajiuliza kama wenye hela za mifuko wamekwama yeye nani.

Alafu kuna minada. Fungua gazeti lolote ukurasa wa nyuma, nyumba za watu walioweka hati kwenye mikopo ya biashara. Masharti ndo yale, asilimia 25 papo hapo nyundo ikigonga, iliyobaki ndani ya siku 14. Unamkumbuka Dk. Shika, yule mzee wa mnadani Novemba 2017, "mia tisa itapendeza", zile nyumba za Mbweni na Upanga? Nchi nzima tulicheka tukatengeneza na miito ya simu, ila mimi kilichonikaa kichwani ni kwamba hata hiyo asilimia 25 haikulipwa. Soko likiwa hivi hata anayenyoosha mkono usimwamini mpaka umeona risiti ya benki.

Haya, nyie sasa. Huko Dodoma ni kinyume cha huku. Mji umekuwa jiji Aprili mwaka jana, ofisi zinajengwa Mtumba, wewe mwenyewe unalalamika kodi ya Ilazo inapanda na ulikuta Kisasa hakuna nyumba. Kwa hiyo mkiendelea kusubiri bei ya 2014 ya Mbezi Beach, huku inaganda na huko kiwanja mnachokitaka kinawakimbia. Mimi naona mkiuza kwa bei mnayoiona ya hasara leo, alafu mkaingiza haraka Iyumbu au Nzuguni, kwenye kiwanja cha halmashauri, hamjapoteza kiasi mnachofikiria. Ila mhakikishe ni hati ya miaka 99 sio ule mkataba wa miaka 33 wa CDA, ile mamlaka ya zamani ya kustawisha Dodoma.

Kama moyo wa shemeji umegoma kabisa basi pangisheni. Kwa shilingi, kodi ya miezi mitatu, kwa familia inayokaa yenyewe, sio kwa mtu wa kuigeuza gesti. Nyumba iliyofungwa inakufa, na jengo la kawaida kodi yake ya jengo TRA mwaka huu wa 2019 ni shilingi elfu kumi tu kwa hiyo hiyo isiwe kisingizio.

Mkiamua kuuza, kabla ya kutaja bei tafuteni mthamini, mana uhamisho haupiti bila tathmini iliyosainiwa na Mthamini Mkuu, na TRA wataangalia hiyo, hawatahurumia mliyoandika kwenye mkataba. Asilimia 10 ya faida inawahusu, kwa hiyo zile risiti za saruji na mabati za shemeji azitafute hata kama zimeliwa na panya nusu, ndo zitapunguza hiyo faida. Na dalali awe mmoja! Sahivi naona nyumba yenu kwa madalali watatu, kila mmoja bei yake, mnunuzi akiona hivyo anajua mna njaa.

Nitumie picha ya hati kurasa zote, na uniambie jina lipo la nani, lako au la shemeji au la marehemu baba mkwe, mana kama ni la baba mkwe tunaanza na mirathi na hiyo ni barua nyingine.

Wako,
Mama Ibra