Kuponyoka mdomoni mwa paka siyo kupona

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hawa viumbe wadogo wanaokamatwa na paka wetu wa nyumbani, maana wengi tunakosea palepale na mimi nimekosea. Paka wangu aliingia ndani na shomoro mdomoni, nikapiga kelele akamwachia, nikamwokota nikamgeuzageuza sikuona damu wala bawa lililovunjika, nikasema huyu mzima, nikamweka kichakani nikaondoka na roho nyeupe kabisa. Kesho yake asubuhi nikamkuta chini ya kichaka kilekile amekakamaa. Ndo nikapuliza yale manyoya ya ubavuni yakafunguka, nikaona kitundu kama cha sindano, kimoja tu, na ngozi pembeni imeiva nyekundu. Iliniuma sana na bado inaniuma.

Daktari wa mifugo alinieleza baadaye kwamba meno ya paka ni membamba, yanadunga halafu kidonda kinajifunga juu, kumbe ndani kimebaki na bakteria. Kuna wanaoitwa Pasteurella, paka anaishi nao mdomoni bila shida yoyote, ila wakiingia kwenye damu ya ndege mdogo wanaweza kummaliza ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo yeyote aliyepita kwenye meno ya paka anahitaji antibiotiki siku hiyohiyo, hata kama anarukaruka, hata kama wewe huoni kidonda, na tafadhali usimkatie kipande cha kidonge chako, shomoro ana gramu 30 hivi, dozi yake hiyo aipime daktari.

Wakati unatafuta daktari, mfungie paka chumba kingine kwanza. Mfunike mgonjwa na kitambaa chepesi mpaka kichwani, giza linamtuliza, mnyanyue taratibu bila kumbana kifua kwa sababu ndege anapumua kwa kutanua kifua chenyewe, ukimkaba hapo hewa haiingii. Muweke kwenye boksi la katoni lenye matundu, chini kitambaa, na upande mmoja tu chupa ya maji ya moto uliyoizungushia taulo, akizidiwa na joto asogee upande wa pili. Basi, funga, weka mahali pasipo na kelele. Najua mkono unawasha kumpa kitu lakini usimdondoshee maji mdomoni, tundu la pumzi la ndege lipo palepale nyuma ya ulimi, tone likikosea njia linaenda kwenye mapafu. Maziwa ndo kabisa usithubutu. Na watoto wasimpapase, akitulia mkononi mwako hajakuzoea huyo, amekufa ganzi kwa hofu.

Kama ni kindi au panya pori vaa glavu nzito maana anang'ata. Popo usimguse kabisa kwa mkono mtupu, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na akikung'ata au kukukwaruza osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda hukioni vizuri.

Kuna watu wanasema mpe paka ashibe ataacha. Paka aliyeshiba anawinda vilevile, ndivyo alivyoumbwa, na mimi simchukii wangu kwa hilo. Ila kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021, paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta mawindo nyumbani pungufu kwa asilimia 36, na waliochezeshwa na mwenyewe dakika 5 mpaka 10 kila siku, pungufu kwa asilimia 25. Wangu sasa namchezesha na kamba kila jioni na alfajiri simfungulii mlango.

Ombi langu la mwisho ni kwa madaktari wa mifugo. Nilipompata wa pili, kindi mdogo, nilipiga simu sehemu mbili nikajibiwa hapa ni mbwa na paka tu, wa tatu ndo akasema mlete, akamchoma sindano, haikuchukua hata dakika kumi, na yule kindi akapona akarudi mtini. Mtu akiwapigia ana kiboksi mkononi, hata kama hamtibu wanyama pori, mwambieni basi nani anatibu, maana saa zinaenda.

Msomaji wenu, mfuga paka