Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kambi ya Norman Cross

Ndugu wanachama,

Somo letu kuu mwaka huu lilikuwa kambi ya Norman Cross, karibu na Peterborough, mashariki mwa Uingereza. Wengi huiita gereza la Wafaransa, wakasahau askari walioishi pale, katika mabweni ya upande wa mashariki na wa magharibi, wakilinda wafungwa wa vita vya Uingereza na Ufaransa hadi 1814.

Mahali palichaguliwa kwa hesabu. Pako mbali na bahari, anayetoroka asipate chombo upesi. Lakini barabara kuu ya kaskazini inapita mlangoni, na wafungwa waliweza kuletwa kwa mashua kupitia mto Nene. Mengine yaliamuliwa na haraka. Fremu za mbao zilichongwa London, zikaja kuunganishwa papo hapo. Kazi ilianza mwishoni mwa 1796. Aprili 1797 wafungwa wa kwanza wakaingia.

Kasoro ilizaliwa hapo. Jengo moja la wafungwa lilikuwa futi 100 kwa 22, ghorofa mbili, kwa watu wapatao 500. Pigeni hesabu: kila mtu hafikishi mita moja ya mraba, ndiyo maana walilala kwenye vitanda vya turubai vilivyoning'inizwa kimoja juu ya kingine. Homa ilipoingia, 1800 hadi 1801, iliua zaidi ya watu 1,000. Waliofia pale kwa jumla ni 1,770 hivi. Nawaomba mzitaje tarakimu hizi kila mnapotembeza wageni, kabla ya kufika kwenye vitu vya kupendeza.

Navyo vipo, katika makumbusho ya Peterborough. Wafungwa walichemsha mifupa ya nyama ya posho mafuta yatoke, wakaikata vibao vyembamba, wakavipigilia kwa vijiti vidogo mno hadi vikawa merikebu ndogo za mfano zenye matanga na mizinga. Mabua ya ngano yalipasuliwa, yakatiwa rangi, yakabandikwa juu ya visanduku. Vitu hivi viliuzwa sokoni, langoni pa kambi. Ukili wa mabua wa kushonea kofia ulipigwa marufuku kwa kuwaharibia soko wasusi wa vijijini, lakini ukaendelea kutoka kwa magendo, askari walinzi wakishiriki.

Mwaka 1816 majengo yalinadiwa, mbao zikang'olewa. Asiyejua hili hutafuta kambi asiione. Kilichosalia ni nyumba chache za wakubwa na vipande vya ukuta wa matofali, uliochukua nafasi ya uzio wa mbao. Nguzo ya kumbukumbu yenye sanamu ya ndege tai ilisimamishwa 1914. Tai akaibiwa 1990, mwingine akawekwa 2005.

Wanaotaka kuongoza vikundi mwakani wajiandikishe kwa katibu.