Mjomba, ulisema vilabu ni vya wenye muda

Mjomba, shikamoo.

Januari uliponisindikiza stendi ulinipa nauli, sabuni na onyo: "Huko nenda kasome. Mambo ya vilabu waachie wenye muda." Sikukujibu, maana mkubwa hajibiwi mbele ya makonda. Nakujibu leo, tena hadharani, kwa sababu wajomba wa namna yako wako wengi, na kwa sababu nina ombi.

Nilijiunga na vyote viwili, klabu ya sayansi na mdahalo. Masomo hayajashuka, ripoti unayo, hilo tuliache.

Nianze na mdahalo. Wetu ni wa Kiingereza, na wengi wanafia hapohapo. Kuna kijana darasani kwetu, kwa Kiswahili utadhani wakili. Akiitwa mbele siku ya mdahalo anamsalimia mwenyekiti, anamshukuru mwenyekiti, anarudi kukaa. Mimi naona ni hasara, lakini sera si yangu. Hoja nazo zilikuwa zilezile ulizoziacha wewe: elimu na pesa kipi bora, kijijini na mjini wapi kuzuri. Watu walikuwa wanarithishana madaftari ya majibu. Ndipo mwalimu mlezi akaleta sheria moja: ukisema "wataalamu wanasema", katibu anakusimamisha na kukuuliza ni wataalamu gani. Huna jibu, alama zinakatwa. Wiki za mwanzo wasemaji walikuwa wanamaliza dakika moja na maneno yameisha.

Klabu ya sayansi ilianza na Mpemba. Erasto Mpemba, Mjomba, alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba mwaka 1963 alipoona maziwa yake ya aiskrimu, aliyoyaweka kwenye friza yakiwa bado ya moto, yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliuliza, akachekwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuwatembelea. Wanafunzi wenzake wakacheka tena, ila yule mhadhiri alienda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Sisi tuliazima friza ya mama anayetuuzia barafu nje ya geti, tukaweka vikombe vya maji ya moto na ya baridi. Siku nyingine ya moto yalitangulia, siku nyingine yakachelewa. Mlezi akatuambia hata wakubwa hawajakubaliana: mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walirudia vipimo, wakasema jambo hilo hawalioni, na kwamba kipimajoto kikisogea sentimita moja tu juu au chini kinaweza kukuletea jibu tofauti. Nusu ya klabu ilinuna, kana kwamba wametukaniwa babu yao. Mimi nilifurahi. Swali la mtoto wa kidato cha tatu linawasumbua maprofesa zaidi ya miaka 50 baadaye!

Ila kazi iliyotumaliza mwaka ni ya maji.

Unajua meno yetu yalivyo na madoa ya kahawia. Ukoo mzima tunacheka tumefunika mdomo, na wewe husema ni ya urithi. Si ya urithi, Mjomba. Ni floraidi, aina ya madini yanayoyeyuka kwenye maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru inayo kwa wingi, maji yanapita humo yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huku Arumeru kuna chemchemi na mito inayovuka 10. Jino linaharibika likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, yaani tangu uchanga hadi kama miaka minane. Likishatoka na rangi yake, hakuna maji yatakayolisafisha. Na ikiwa nyingi kwa miaka mingi inaingia hadi kwenye mifupa.

Tulichukua sampuli kwenye vyanzo ambavyo watu wa kijiji wanachota, tukatia kwenye chupa za plastiki, si za kioo, kwa sababu floraidi na kioo havipatani. Maabara yetu haina kifaa cha kuipima, kwa hiyo mlezi alizipeleka kwa watu wa maji. Kile chanzo cha chini ya shule, ambacho wote tunakisifu kuwa maji yake matamu, kilikuja na zaidi ya mara tatu ya kiwango.

Basi tukaingia kwenye mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi hii miaka mingi: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa, maji yanapita humo, floraidi inanasa. Tukasema na sisi tujaribu. Tuliomba mifupa buchani, tukaichoma kwenye pipa nyuma ya jiko la shule. Mjomba, ile harufu! Mpishi alitufukuza na mwiko. Mara ya kwanza moto ulikuwa mdogo, mkaa wa mifupa ukatoka na mafuta ndani, maji yaliyopita humo yakanuka supu iliyolala. Tukaongeza moto na hewa, mifupa ikatoka myeupe kama chokaa. Inapendeza machoni lakini nguvu ya kunasa imepungua. Unaoutaka ni ule mweusi unaoelekea kijivu, usionuka. Tuliupata mwishoni, kiasi cha kujaza ndoo moja, na maji yaliyopita humo yakapimwa yakiwa chini ya 1.5. Andiko tunaliandaa tuombe nafasi kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania.

Muhula wa pili tukawa na mdahalo na shule jirani, hoja ikiwa kwamba maji salama ni jukumu la serikali peke yake. Nilipangwa kuunga mkono, ingawa siamini hivyo. Nikiwa katikati akasimama mmoja: "Taarifa, mwenyekiti! Kwetu tunachemsha, hatumsubiri mtu." Nikamjibu kuwa kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiendi na mvuke, maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo kikombe kinakuwa kikali kuliko kabla. Akaniuliza nani kasema. Nikamtajia vyanzo, vipimo na waliopima. Watu wakagonga meza kama wako Dodoma. Mdahalo wenyewe tulishindwa. Msemaji wao wa tatu alikuwa hatari.

Sasa ombi. Kitindamimba wako ana miaka mitatu. Meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi, kwa maji ya kisima chenu, na kwa makande ambayo mkaza mjomba anayalainisha kwa magadi. Magadi mengi nayo yana floraidi, kwa hiyo mwambie kwa upole aloweke mahindi na maharage usiku kucha badala yake. Maji ya mvua hayajapita kwenye miamba, kingeni ya kutosha, na hayo ndiyo ya kuchemsha kwa ajili ya mtoto. Wakati wa kiangazi tutatumia kichujio cha mkaa wa mifupa. Mkaa sitaleta ule wa pipa letu, nitauliza Ngurdoto, na kila baada ya muda maji itabidi yapimwe, maana mkaa ukichoka hautoi dalili yoyote mdomoni.

Narudi likizo wiki ijayo. Nitafutie ndoo mbili zenye mifuniko na koki moja.