Risala ya kikundi chetu cha Piemonte kwa mgeni rasmi

Mwalimu, mgeni rasmi, shikamoo. Mwenyekiti, akina mama mlioamka alfajiri kwa ajili ya hili pilau, wazee, vijana, watoto (na nyie mliosimama nje ingieni basi, risala imeanza), habari za mchana.

Mwalimu sisi ni Waswahili tunaoishi huku Piemonte, Italia, wengine Torino wengine miji midogo ya jirani, tumetoka Dar, Tanga, Mombasa, Bujumbura, tunakutana mara moja kwa mwezi, tuna mfuko wa misiba, na Jumamosi tuna darasa la Kiswahili la watoto. Kawaida risala ni mafanikio, changamoto, maombi, na wewe umezisikia hizo miaka yote mpaka umestaafu, kwahiyo leo tunaanza na deni. Jana tulivyokutembeza mji wa Savigliano ukatuuliza "huyu wa kwenye sanamu ni nani?" tukabaki tunaangaliana, na wengine tunapita pale kila siku tukienda sokoni. Aibu. Usiku hatujalala, tumesoma, majibu haya hapa.

Anaitwa Santorre di Santarosa, kazaliwa hapohapo Savigliano 1783. Baba yake alikuwa mwanajeshi, akauawa vitani 1796 wakipigana na Wafaransa wa Napoleon, na dogo alishaanza kumfuata baba yake kambini. Baadae akawa meya wa mji wake angali kijana. Enzi hizo nchi inayoitwa Italia haipo, kuna vijinchi vijinchi tu, Milano yote iko mkononi mwa Austria. Machi 1821 yeye na maofisa wenzake wakaanzisha mapinduzi, wanataka katiba na wanataka Austria aondoke, na walikuwa wameshaongea na mwanamfalme Carlo Alberto, akawapa moyo, leo ndio kesho sijui. Mfalme wa huku Piemonte akajiuzulu, Carlo Alberto akashika nchi kwa muda, akatoa katiba ya kuiga ile ya Hispania, akamfanya Santarosa waziri wa vita, halafu usiku akatoroka akawaacha kwenye mataa! Aprili wakapigwa pale Novara, ikawa imeisha. Uwaziri wenyewe hata mwezi haukufika. (Huyohuyo Carlo Alberto 1849 akiwa mfalme akaja kupigwa na Austria, Novara ileile. Tumecheka sana hapo, Mungu atusamehe.)

Santarosa alishakamatwa njiani, akaokolewa na mwanajeshi mmoja wa Kipolandi na wanafunzi wa chuo cha Pavia, akakimbia. Nyumbani wakamhukumu kifo na kwa kuwa mwenyewe hayupo wakanyonga sanamu yake. Mke na watoto kawaacha huku. Uswisi, Paris kwa jina la bandia, polisi wa Paris wakamdaka 1822, wakampeleka kukaa chini ya uangalizi mji wa Alençon halafu Bourges, mwisho akavuka kwenda Uingereza. Yaani makaratasi yalimsumbua kuliko sisi na permeso zetu, hivi vibali vya kuishi.

Sasa Mwalimu hapa ndipo tulipoacha kusoma tukanyamaza. Uingereza hela hana, waziri wa vita mzima akaenda Nottingham kufundisha watu Kiitaliano na Kifaransa, nyumba kwa nyumba, ili ale. Si kwamba anaidharau kazi, ila ilikuwa inamla ndani kwa ndani, akamwandikia rafiki yake wa Paris, mwanafalsafa Victor Cousin, kwamba mtu mwenye roho ngumu inampasa atende, aandike au afe. Kuandika alishaandika, kitabu kizima juu ya yale mapinduzi. Novemba 1824 akapanda meli na rafiki yake Collegno wakaenda Ugiriki, ambako Wagiriki walikuwa wanapigana kujitoa kwa Waturuki.

Unadhani walimpokea kwa ngoma? Wapi. Serikali ya kule ikaona jina lake zito, wafalme wa Ulaya watanuna, wakamwambia abadili, akajiita Derossi. Cheo hakupewa. Akavaa nguo za Kigiriki, akabeba bunduki kama askari wa kawaida, umri arobaini na moja. Tulibishana sana usiku, wengine wanasema ni ushujaa, dada mmoja akasema huyo alikuwa amechoka kuishi, na mimi niliyeandika risala nampa dada nusu ya haki.

Alikuwa na picha ndogo ya watoto wake anatembea nayo popote. Kabla ya mwisho wake akaitoa kuitazama akakuta maji yameingia chini ya kioo, sura ya mtoto imeharibika, akamwambia Collegno utanicheka ila naona watoto wangu sitawaona tena. Mei 1825 jeshi la Misri la Ibrahim Pasha, lililokuwa upande wa Waturuki, likashuka kisiwa cha Sphacteria, mbele ya ghuba ya Navarino. Viongozi wengine wa Wagiriki wakawahi meli wakapona. Yeye hakutoka, na maiti yake haikutambulika. 1827 manowari za Uingereza, Ufaransa na Urusi zikaja kuzisambaratisha za Waturuki na Wamisri kwenye ghuba hiyohiyo, na Ugiriki ikapata uhuru wake.

Basi Mwalimu, ndiye huyo wa kwenye sanamu.

Tukirudi kwetu, mafanikio: watoto 14, wanasoma, wanaandika, wanabishana kwa Kiswahili, ngeli zinawatoa jasho. Changamoto: vitabu ni fotokopi za fotokopi, na anayewafundisha ni dada yetu ambaye kwao alikuwa mwalimu wa sekondari, huku anafanya usafi wa ofisi usiku, Jumamosi anaingia darasani hajalala. Maombi: ukirudi nyumbani ututafutie vitabu vya darasa la kwanza mpaka la tatu, nauli ya mzigo tunalipa sisi, na kabla ya ndege yako ya Alhamisi uingie darasani Jumatano jioni, hata kama si siku ya darasa, dada apate kukaa kwenye benchi la nyuma asikilize.

Tunaomba kuwasilisha.