Risala kwa Mgeni Rasmi: Kichwa Kinachouma Wiki Tatu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Daktari wetu;
Wazee wa mtaa, masheikh na wachungaji;
Walimu na wanafunzi;
Mama zetu na baba zetu, pamoja nanyi mnaotumia dawa kila siku na mkakubali kuketi safu ya mbele bila kujificha;

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Daktari, karibu Kisauni, hapa Mombasa. Tunajua umevuka Daraja la Nyali na msongamano wake ili kuja kutusikiliza, na kwa hilo tunakushukuru kabla hatujasema neno lingine.

Sisi ni watu tunaouguza jamaa zetu nyumbani. Wengi wetu ni wanawake, lakini wapo pia vijana wa bodaboda na wavuvi. Tulianza kama chama cha matanga: mtu akifiwa, tunachanga sukari, unga na sanda. Siku moja mama mmoja aliuliza kwa nini tunachangia sanda na hatuchangii nauli ya kwenda hospitali. Hakuna aliyeweza kumjibu, na tangu siku ile kikundi kikageuka. Leo tuna mfuko wa nauli, na tuna zamu za kumlaza, kumwosha na kumlisha mgonjwa asiye na mtu.

Risala yetu ni juu ya kuvu. Malaria, kifua kikuu na Ukimwi wenyewe vina mabango barabarani na matangazo redioni. Kuvu haina bango, na katika wale tuliowazika tukiwa tumewauguza kwa mikono yetu, wapo ambao tunaamini ndiyo iliyowamaliza.

Tuanze kwa kuitendea haki. Hamira inayofurisha mahamri yetu ya asubuhi ni kuvu. Uyoga ni kuvu. Mkate uliosahauliwa kabatini msimu wa mvua ukaota manyoya ya kijani, ile nayo ni kuvu, na mji wetu wenye joto na unyevu unaijua vizuri. Mbegu zake ndogo zisizoonekana kwa macho zimo hewani, na kila mmoja wetu humu ndani amezivuta tangu asubuhi. Hazitudhuru kwa sababu nyingi haziwezi joto la mwili wa binadamu, na zile zinazoliweza hukutana na kinga ya mwili ikazifagia. Mtu mzima wa afya akishikwa na kuvu, mara nyingi ni choa tu au muwasho wa vidole vya miguu.

Taabu huja kinga inapoanguka. Huanguka kwa mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hajaanza dawa au ameziacha. Huanguka pia kwa anayetibiwa saratani, kwa aliyepandikizwa figo, kwa anayetumia dawa kali za kutuliza kinga kwa muda mrefu. Sukari isiyodhibitiwa nayo hufungua mlango. Hapo kuvu iliyokuwa mgeni wa kupita hukaa. Lugha yetu ina jina linalofaa sana kwa maradhi haya: magonjwa nyemelezi. Hayaji kwa kishindo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna ruhusa ya mama mmoja aliye hapa leo kusimulia habari za mwanawe. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mwenye nguvu. Alipata kazi mbali na nyumbani, akaona haya kuhamisha kadi yake ya kliniki, akakaa karibu mwaka mzima bila ARV, zile dawa za kupunguza makali ya virusi. Aliporudi kichwa kikaanza kumuuma. Alinunua vidonge dukani. Kikaendelea, akaenda zahanati, akapewa dawa ya malaria. Wiki ya pili akapewa tena. Wiki ya tatu alisema anaona vitu viwili viwili, mwanga unamchoma macho, na kila akila anatapika. Kisha akaanza kusema maneno yasiyoshikana. Watu wakasema amepandwa na jini. Akasomewa, akanyweshwa kombe, yale maji ya kuoshea maandishi ya Kurani. Wiki ya nne tulimpeleka hospitali tukiwa tumembeba. Daktari akasema lazima atolewe maji mgongoni. Jamaa wakakataa siku mbili nzima, kwani kila mtu alikuwa na hadithi ya mtu aliyechomwa sindano ya mgongo asiamke tena. Walipokubali, yalipopimwa yakakutwa yamejaa kuvu iitwayo kriptokokasi. Alifariki baada ya siku tano.

Mama yake ametuomba tusimlaumu mtu. Hatumlaumu mtu. Lakini tumeamua kujua.

Tulichojifunza kutoka kwa wauguzi waliokuja kutufunza ni hiki. Kriptokokasi huishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha ndege, hasa cha njiwa kilichokauka. Mtu huivuta na vumbi, inaingia mapafuni, na kinga ikiwa chini husafiri kwa damu mpaka kwenye utando wa ubongo. Huko inaongezeka ndani ya maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, inaziba njia zake za kutokea, na shinikizo ndani ya fuvu linapanda. Ndilo linaloleta kile kichwa kisichosikia dawa, ndilo linaloleta macho kuona viwili, na mwishowe kuchanganyikiwa. Yule kijana hakuwa na jini. Alikuwa na maji yaliyokosa pa kupitia.

Kwa hiyo ile sindano tuliyoiogopa ndiyo ingemtua mzigo. Hupima, na pia huponya, kwa sababu maji yakitolewa shinikizo hushuka, na wapo wagonjwa ambao kichwa huwapoa siku hiyo hiyo. Huingizwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshakwisha na imebaki mishipa inayoelea. Pengine mgonjwa huhitaji kutolewa maji kila siku kwa siku kadhaa. Waliokufa baada ya sindano, wengi walifika wakiwa wamechelewa kama tulivyochelewa sisi, na lawama ikaishia kwenye sindano. Tunawaomba masheikh na wachungaji wetu watusaidie hapa. Hatukatazi dua, wala hatukatazi kombe. Tunaomba dua isomwe mgonjwa akiwa garini anapelekwa hospitali.

Si jambo dogo hili. Makadirio ya mwaka 2020 ni kwamba duniani watu wapatao 152,000 wenye virusi vya Ukimwi walipata kriptokokasi ya ubongo, na 112,000 kati yao walifariki. Ni karibu watu 19 katika kila 100 wanaokufa kwa sababu ya Ukimwi, na wengi wao wako katika bara letu.

Na kinachotuuma zaidi, Daktari, ni kwamba kuvu hii hujionyesha kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Kuna kipimo cha ukanda mdogo, kama kile cha mimba, kinachotoa jibu kwa dakika kumi hivi. Shirika la Afya Duniani limeagiza kila mtu mzima mwenye virusi ambaye chembe zake za kinga ziitwazo CD4 ziko chini ya 100 apimwe, na linaona inafaa hata kwa walio chini ya 200. Akikutwa nayo na ubongo bado u salama, hupewa flukonazoli, vidonge vya kumeza, na balaa lile huzuilika. Yule kijana alipita mikono ya watu watatu wenye makoti meupe kabla ya kufika hospitali, na hakuna aliyemuuliza hali yake, wala yeye hakuthubutu kusema.

Hata aliyekwisha kushikwa ubongo ana matumaini kuliko zamani. Dawa ya zamani ya amfoterisini ilitaka mgonjwa alale wodini siku nyingi akichomwa kila siku, na ilikuwa ikiumiza figo. Utafiti uliofanywa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ukachapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba dozi moja tu kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, ikifuatwa na siku 14 za vidonge vya flusitosini na flukonazoli, inafanya kazi sawa na tiba ya awali na madhara yake ni machache. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Tunasema haya kwa fahari, kwa sababu jibu lilipatikana katika hospitali za Afrika, kwa wagonjwa wa Afrika. Ila flusitosini iligunduliwa miaka ya 1950, na kwa miaka mingi ilikuwa haipatikani katika nchi nyingi za bara hili. Jambo hilo tumelitafakari sana.

Kuna neno moja la kuwaambia wanaouguza. Mgonjwa wa kriptokokasi ya ubongo ambaye hajaanza ARV huambiwa angoje wiki nne hadi sita za matibabu ya kuvu kwanza. Jamaa hudhani amenyimwa dawa, wengine huzitafuta kwa mlango wa nyuma. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba walioanzishwa ARV mapema mno walikufa zaidi, maana kinga inayorudi kwa ghafla huushambulia ugonjwa uliomo kichwani, na ubongo huvimba. Mvumilieni daktari hapo.

Na tusiwatenge. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, kwa sahani wala kwa kulala chumba kimoja. Tumeona mgonjwa akitengewa kijiko chake kama mbwa. Nyumba iliyofanya hivyo iko mtaa huu, na tumekwenda tukala naye sinia moja.

Wengi mtauliza habari za njiwa, maana mitaa yetu imejaa mabanda. Hatusemi wachinjwe. Mwenye kinga dhaifu asifagie banda, basi. Anayefagia amwagie maji kwanza, vumbi lisipande. Mapango yenye popo nayo yana kuvu yake nyingine inayoingia mapafuni, kwa hiyo mgonjwa asipelekwe huko matembezini.

Yapo mengine ambayo tutayapitia haraka. Utando mweupe mdomoni kwa mtu mzima si uchafu wa ulimi. Ukiambatana na maumivu ya kumeza, ujue kuvu imeshuka kooni, na mtu huyo anahitaji kupimwa kinga, si kupigiwa mswaki tu. Halafu vile vidonge vikubwa vyeupe vya Septrin, ambavyo wengi wetu huvitupa tukisema havina kazi: vinazuia nimonia ya kuvu iitwayo nyumosistisi. Ndiyo nimonia iliyoonekana kwa vijana watano wa Los Angeles katika taarifa ya tarehe 5 Juni 1981, na ndivyo dunia ilivyosikia kwa mara ya kwanza habari za Ukimwi. Nimonia hiyo hupenda sana watoto wachanga wa mama wenye virusi, ndiyo sababu nao hupewa Septrin ya maji wakiwa na wiki chache tu.

Kwa nyinyi wasichana wa shule mlioketi kule nyuma, tuna habari yenu. Dawa ya kwanza salama ya kutibu kuvu kwa binadamu, nistatini, ile ya matone wanayotiwa watoto mdomoni, ilipatikana kwa kazi ya wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown. Mmoja alikuwa New York, mwingine Albany, wakawa wanatumiana sampuli za udongo kwa posta, mpaka mwaka 1950 wakaitangaza. Udongo wenyewe ulitoka katika shamba la rafiki. Mapato yao yalizidi dola milioni 13, na hawakuchukua hata senti. Yote waliyaelekeza kwenye utafiti. Mpaka leo hakuna chanjo ya kuvu iliyoidhinishwa kwa binadamu, na dawa zake ni chache, kwa kuwa chembe ya kuvu inafanana mno na chembe yetu, na sumu inayoiua huweza kutuua na sisi. Kazi hiyo inawangoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tarehe 25 Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu hatari zaidi kwa binadamu. Ziko 19, na kriptokokasi ni miongoni mwa nne zilizowekwa daraja la juu kabisa. Kwa hiyo tunayoyaomba hayatoki kichwani mwetu.

Tunaomba kile kipimo cha ukanda kifike katika zahanati tunazokwenda kwa miguu, kisibaki kwenye hospitali kubwa pekee. Tunaomba kila anayerudi kliniki baada ya kuacha dawa apimwe CD4 siku hiyo hiyo, na apokewe bila kukaripiwa, kwa sababu karipio ndilo lililomweka kijana wetu mbali. Tunaomba flusitosini isikosekane mahali ambapo mgonjwa wa Pwani analazwa. Na tunaomba mtu wa kutufunza kila baada ya miezi michache, ukumbi tunao na chai tutapika wenyewe.

Kwa upande wetu, tumeandika swali moja kwenye daftari la kila mwenye zamu: kichwa kimeuma siku ngapi? Likijibiwa zaidi ya saba kwa mtu mwenye kinga dhaifu, nauli hutoka siku hiyo bila kikao. Mama wa yule kijana ndiye mweka hazina wa mfuko huo. Tunakuomba sasa, Daktari, upokee nakala ya daftari kutoka mkononi mwake.

Tunaomba kuwasilisha.