YAH: MALALAMIKO KUHUSU FILTA ZA WASANII MAARUFU NA BIBI ALIYETIWA DHAHABU PUANI

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya programu ya kuhariri picha (jina mnalijua wenyewe).

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo Kinondoni, Dar es Salaam. Kazi zangu ni pasipoti saizi, kipaimara, na maharusi wanaoleta picha leo wakitaka ziwe zimesafishwa jana. Sijawahi kujiita msanii. Ninyi ndio mlioniita hivyo, siku nilipolipia kifurushi chenu cha Wasanii Maarufu kwa shilingi 45,000. Simu iliandika: "Hongera, sasa wewe ni msanii." Chini yake ikaandika: "Umebakiwa na ubunifu 30."

Nilidhani ni kosa la tafsiri. Kumbe ndivyo mlivyokusudia. Kila nikibonyeza, ubunifu mmoja unakatwa kama dakika za maongezi. Jumanne moja, mteja kakaa mbele yangu, nikajulishwa kwamba ubunifu wangu wa mwezi umekwisha, ama nisubiri tarehe mosi ama niongeze salio. Nimewahi kuishiwa umeme mbele ya mteja, na wino, na hata uvumilivu. Kuishiwa ubunifu, tena kwa mlio wa kengele, ilikuwa mara ya kwanza. Nikaongeza salio.

Mteja huyo ni mama mmoja wa Magomeni. Aliniletea picha ya mama yake, ambaye alikuwa anatimiza miaka 70. Bibi kakaa barazani, mguu mmoja kaunyoosha, khanga begani, anacheka. Nyuma yake, kwa bahati mbaya, kapita kijana wa bodaboda. "Fundi," akaniambia, "nataka iwe kama imechorwa kwa mkono, tuitundike sebuleni."

Nikaanza na filta ya Van Gogh, yule mchoraji wa Uholanzi, inayogeuza picha ifanane na michoro yake. Mmeweka hapo kitelezi kinachoitwa "Kiwango cha Ubunifu", kutoka 0 hadi 100. Kwenye 40 Bibi alikuwa bado na pua. Kwenye 70 nilimtambua kwa khanga. Kwenye 100 paji la uso lilikuwa linazunguka kama maji yanayoingia kwenye bomba la bafuni, na binti yake akaniuliza kama mashine imepata hitilafu. Nikamjibu kwamba huo ndio ubunifu kamili.

Usiku ule nikaitafuta picha mliyoiiga, ile ya usiku wa nyota ambayo Van Gogh aliichora Juni 1889 huko Saint-Rémy, Ufaransa, akiwa amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mbingu inazunguka, ni kweli. Lakini tazameni chini: nyumba za kijiji zimetulia, paa zake zimenyooka. Mgonjwa yule alijua nini kizunguke na nini kikae. Programu yenu nzima wa afya imezungusha kila kitu, mpaka kigoda.

Kwa Picasso, yule mchoraji wa kuvunja nyuso vipande vipande, sitakaa sana. Bibi alitoka kama kioo cha gari kilichopigwa jiwe. Kwa Mondrian, mchoraji wa miraba ya rangi, alitoka kama katoni ya maziwa.

Hasara yenyewe imetoka kwa Klimt, mchoraji wa Austria aliyepamba picha zake kwa dhahabu. Kwenye kioo cha simu dhahabu ilinivutia, nikaona hii ndiyo ya sebuleni, nikaipeleka kuchapwa kwenye kanvasi kwa shilingi 85,000. Siku ya shughuli, mbele ya ukoo mzima, kitambaa kikavutwa. Bibi aliitazama muda mrefu, kisha akasema: "Mwanangu, mimi niliungua lini?" Alikuwa na dhahabu kwenye meno, kwenye kope, na ndani ya tundu la pua. Kijana wa bodaboda naye kapakwa dhahabu kuliko Bibi, hadi namba ya pikipiki. Mjomba mmoja akauliza kama huyo ndiye marehemu babu.

Klimt, ambaye baba yake alikuwa mchonga nakshi za dhahabu, alichora picha yake maarufu ya wapenzi wawili, "Busu", mwaka 1907 na 1908. Dhahabu aliijaza kwenye mavazi. Nyuso na mikono aliiacha iwe ngozi ya binadamu. Huhitaji kuwa profesa kuliona hilo, unahitaji macho tu. Najua mtanijibu kwamba ndivyo teknolojia inavyofanya kazi. Nimesoma: watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walionyesha mwaka 2015 namna ya kuchukua umbo la picha moja na kuivisha michirizi na rangi za nyingine. Sawa. Lakini basi mngeiita hivyo, kuvisha. Mnaita ubunifu, halafu mnauza kwa kipimo.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Ndani ya "Kifurushi cha Afrika" mna filta mmeiita Tingatinga. Huyo si wa kusoma vitabuni kwangu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja mjini kutafuta maisha, akaanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana kwa bei yake. Mwaka 1972 alikuwa ameshafariki kwa risasi ya polisi. Kwa miaka hiyo minne, mara nyingi alichora mnyama mmoja, mkubwa, na nyuma yake rangi moja tupu. Filta yenu imenijazia Bibi madoadoa mwili mzima, na ukuta, na anga. Nilipompelekea binti yake akaniuliza kama ni surua.

Basi nikapanda bajaji hadi Oysterbay, pale Morogoro Stores wanapokaa wachoraji wenyewe, nikampa mmoja wao picha ya awali. Swali lake la kwanza: "Huyu wa pikipiki ni ndugu yenu?" Nikasema hapana. "Basi simchori." Kwisha. Wiki moja baadaye nikachukua Bibi, baraza na mwembe ambao kwenye picha haukuwepo. Uso ni macho mawili na mstari wa kicheko, basi. Nilipompelekea Bibi nikijiandaa kutukanwa, alicheka: "Huo mguu ni wangu kabisa."

Kwa hiyo naomba mnirudishie shilingi 45,000 za kifurushi, 10,000 za salio na 85,000 za kanvasi. Kitelezi kiitwe "Kiwango cha Kuvuruga". Wekeni kitufe cha kuacha uso wa mtu kama ulivyo. Jina la Tingatinga liondoeni, au mwende Oysterbay mkazungumze na wenyewe. Nimebakiwa na ubunifu 3. Sizihitaji, mpeni mtu aliyeishiwa.

Naambatanisha risiti zote. Kanvasi yenyewe siwezi kuirudisha. Bibi amezibia nayo dirisha la banda la kuku, na anasema inazuia mvua vizuri.

Wako,
Mpiga picha, Kinondoni