Maharage sio adhabu: barua kwa mwanangu aliyeko Dar

Assalaam alaykum mwanangu,

Nimeona nikuandikie maana kwenye simu nikianza tu habari ya chakula unaniambia mama ntakupigia baadae niko kwenye daladala, na sijui daladala gani hiyo kila siku saa mbili usiku. Hii huwezi kuikata. Utaisoma hata ukiwa kwenye foleni ya Mabibo.

Idi ulipokuja nilikuwa nakuangalia. Mbele ya wageni sikusema kitu ila nilikuona, ulibeba kile kiroba cha unga kutoka barabarani mpaka ndani ukakaa kwenye kigoda unahema, na baba yako mwenye presha yake keshabeba cha kwake katua kaenda kumwagilia michungwa. Miaka 26 baba! Alafu mdogo wako ndo akanitolea habari zote, kwamba huko mchana ni chipsi mayai, usiku chipsi kavu na soseji, soda mbili kwa siku, na asubuhi unatoka na njaa. Usimkasirikie, nilimbana mwenyewe.

Nilipokuuliza ukanijibu, "Mama, mi maharage nilishamaliza ya kwangu shuleni." Nikacheka, lakini ulipoondoka neno lile likanikaa. Kwa sababu ni kweli. Miaka 6 ya bweni, ugali maharage Jumatatu mpaka Jumapili, wadudu wanaelea juu, maji mengi, hakuna kitunguu, na siku kuni zikiwa mbichi mnapewa yakiwa magumu hivo hivo bweni zima linashinda chooni. Hata mimi ningeyachukia. Ila kosa halikuwa la maharage baba, kosa lilikuwa la lile sufuria na moto wake. Na kule kuumwa matumbo wala hamkurogwa kama mlivyokuwa mnasema, maharage, hasa haya mekundu, yakiwa hayajaiva yana sumu, na haiondoki mpaka yachemke kweli kweli, yatokote si chini ya dakika 10, ule moto wa kufukuta hauiwezi. Ndo maana nakwambia usije ukayapika haraka haraka ukala yakiwa yanagonga meno.

Mimi nauza nafaka hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 19 huu na ada yako ya shule imetoka kwenye maharage, mbaazi na choroko, sasa nikisikia mtoto wangu ndo anayakimbia naona aibu kidogo hata kwa wateja. Unakumbuka 2017 India walipobana kuingiza mbaazi zetu, bei ikaanguka mpaka wakulima wakawa wanaziacha shambani? Gunia zilitukaa ndani tukala mbaazi mwaka mzima, mbaazi asubuhi na mahamri, mbaazi mchana na wali. Hakuna aliyeumwa nyumba hii mwaka ule. Sisemi ni mbaazi ndo zilitukinga, nasema tu nakumbuka.

Sasa nikueleze vile afisa lishe wa kliniki ya baba yako alivyonieleza, maana mi nilikuwa najua kupima kilo tu. Maharage makavu gramu 100 yana protini zaidi ya gramu 20, na mbaazi, kunde na choroko ziko hapo hapo karibu. Alafu mahindi na mchele vina upungufu wa kitu fulani cha kujengea mwili ambacho maharage yanacho kingi, na maharage nayo yana upungufu wa kitu ambacho mahindi yanacho, kwa hiyo ukila pamoja vinajazana. Nikamwambia kumbe makande! Akacheka akasema ndio mama, makande, mnayadharau bure. Bada, huo ugali wetu wa muhogo, peke yake ni nguvu tu ya kulimia, protini humo ni kama hamna, ndo maana wazee hawakula bada tupu.

Najua utasema mama mi naishi chumba kimoja, jiko moja la gesi na friji sina. Sikiliza basi. Usipike kilo nzima kama una shughuli, pika robo kilo. Chagua mawe na yaliyooza, osha, loweka kabla hujalala kwenye maji mengi. Asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, bandika kabla hujaenda kuoga. Yakishatokota dakika zake 10 hadi 15 punguza moto, funika. Yaliyolowekwa yanaiva haraka sana kuliko makavu, mtungi wako wa kilo 6 utauona unakaa. Na magadi usitie. Bibi yako atakwambia tia magadi kidogo yalainike, na kweli yanalainika, lakini magadi yanaua vitamini B1 na yanaongeza chumvi ambayo hatuitaki, bibi mwenyewe nilimwambia akaninunia siku 2. Chumvi na nyanya tia mwishoni yakishaiva, nyanya ikitangulia maharage yanagoma kulainika.

Yakishaiva usiyaunge yote! Hapa ndo vijana mnapoharibu. Unga ya kula leo tu, na tui tia kwenye hayo ya leo tu, kwa sababu nazi inachacha upesi na joto la Dar unalijua. Yale mengine yabaki na maji yake, uyachemshe asubuhi na jioni yatokote vizuri, usichote na kijiko ulichokiramba, na siku 2 zisipite. Siku ya pili sio lazima yawe yale yale, kaanga kitunguu, karoti na hoho, tia maharage, kamulia ndimu, kula na chapati. Hapo ndo utakuwa umepata mapishi 2 kwa gesi ya siku moja.

Na ukichoka kusubiri, pika choroko. Choroko hazitaki kulowekwa, nusu saa dakika 40 zimeiva, na zikikaribia unatupia mchicha humo humo uliokatwa, nyanya, kitunguu saumu, kijiko kimoja cha mafuta, basi. Sufuria moja, sahani moja ya kuosha. Choroko za kupaaza ndo haraka zaidi.

Kuhusu gesi ya tumboni, maana najua ndo kitu unaogopa ofisini, tumbo lako limezoea chipsi kwa hiyo ukianza na bakuli zima litakuaibisha. Anza na upawa mmoja siku moja moja, wiki ya tatu hivi litakuwa limezoea. Kuloweka na kumwaga maji nako kunasaidia.

Mboga za majani sina haja ya kukufundisha, umekulia kwenye kisamvu na mchunga wa nazi. Ila mambo mawili matatu. Osha mchicha kwanza ndo ukate, ukikata ndo uoshe vitamini zinaenda na maji, na usiuchemshe ukamwaga yale maji ya kijani, upike dakika chache tu ukiwa bado una rangi. Kisamvu ni kinyume chake, chenyewe lazima kitwangwe na kichemshwe muda mrefu bila kufunika, kibichi kina sumu, kwa hiyo usijifanye unakipika dakika 5 kwa sababu nimesema mboga zisiive sana. Alafu mboga za majani na karoti na viazi lishe vile vya rangi ya machungwa zinataka mafuta kidogo ndo mwili ushike vitamini A, karanga za kusaga zinatosha au tui la pili. Sio mafuta ya kuogelea.

Na chai! Baba yako alipimwa damu ikawa ndogo na mimi namlisha mchicha na maharage kila siku nikawa nashangaa. Kumbe akimaliza kula tu anataka chai ya rangi nzito kama lami. Afisa lishe akasema chai inazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage, akasema aache saa nzima ipite, na kwenye chakula aweke kitu chenye vitamini C, ndimu, chungwa, kachumbari ya nyanya, hivo vinasaidia chuma kuingia. Tumefanya hivo pamoja na dawa walizompa na sasa damu iko vizuri. Kwa hiyo ile ndimu nnayowakamulia kwenye maharage tangu mko wadogo haikuwa mbwembwe.

Afisa huyo huyo akasema Shirika la Afya Duniani linataka mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, viazi na muhogo havihesabiwi. Mi nikaona nyingi mno, nikarudi dukani nikaweka kwenye mzani. Chungwa moja la Muheza likimenywa gramu 150, ndizi mbivu moja kama 100, nyanya moja 90, mchicha uliochambuliwa wa fungu dogo 120. Nimeshapita! Na havijafika elfu 2 hapa Tanga, huko Dar weka elfu 2 na kitu. Wewe chipsi mayai unaniambia 3,500, na soda juu. Halafu hiyo soda soma pembeni ya chupa, nyingi zina gramu 10 na ushee za sukari kwa kila mililita 100, ile ya nusu lita inakuwa zaidi ya gramu 50, chota na kijiko cha chai uone, kama vijiko 12. Ungeniona natia vijiko 12 kwenye kikombe cha baba yako ungesema mama anataka kumuua mzee.

Chumvi ni kijiko kimoja cha chai usawa kwa siku nzima kwa mtu mzima, sio zaidi, na humo ndani hesabu na vile vidonge vya kuungia mboga maana navyo ni chumvi tupu kwa kiasi kikubwa. Mi siku hizi naunga kwa kitunguu saumu, tangawizi, bizari na ndimu, ukila hukumbuki.

Sahani yako igeuze. Nyie mnaweka mlima wa wali na mboga kijiko. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharage au choroko, robo iliyobaki ndo wali au ugali. Unga nakutumia dona, sembe imekobolewa ikabaki weupe tu. Ila dona usikae nalo miezi na usiliweke chini kwenye sakafu, unyevu unaleta ukungu na ukungu unaleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa hiyo sumukuvu kwenye mahindi, na kupika hakuiondoi. Karanga nazo zile zilizosinyaa, zenye ukungu au chungu, tupa, usizionee huruma ati ni hela.

Asubuhi usinidanganye kuwa huna muda. Chemsha viazi vitamu au muhogo usiku, asubuhi unakula na karanga kiganja kimoja na ndizi. Au uji wa ulezi, ulezi una kalisiamu nyingi kuliko mahindi kwa mbali sana. Ule unga wa lishe wenye nafaka 12 unaouzwa mjini mi siununui, kila kitu wamechanganya humo na ukikaa kidogo unavunda, na soya ikiwa haijapikwa vizuri nayo inasumbua tumbo. Ulezi wako mtupu, karanga tia mwenyewe.

Najua una rafiki aliyekuambia uache kabisa kila kitu cha mnyama. Sikukatazi, ila ujue vitamini B12 kwenye mimea haipo, kwa hiyo ama ubaki na yai, maziwa na dagaa mara moja moja kama sisi, ama uende duka la dawa ukanunue vidonge na uvimeze kweli. Mi nyama sijakukataza, nimekwambia tu isiwe ndo chakula na maharage yawe ya siku huna hela. Na nazi msiniguse, daktari kasema nipunguze nimepunguza, kuiacha siiachi.

Mzigo unakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi, nenda kaupokee pale stendi ya Magufuli, Mbezi, nimeandika jina lako kwa maka peni. Kuna mbaazi kilo 2, choroko kilo 2, maharage ya njano kilo 3 (haya yanaiva upesi, anza nayo), dona kilo 5, karanga, ufuta kidogo wa kuchanganya kwenye kachumbari, na machungwa ya shambani yako juu, yatoe kwanza yasilaliwe. Nazi nimeweka 4. Mbuzi ya kukunia huna najua, muombe mama mwenye nyumba, nimeshaongea nae kwa simu na amesema anayo.

Na lile hotpoti la bluu ulilolichukua Idi ukajaza pilau, ndo bebea lanchi ofisini. Ila ukija Desemba nirudishie, na mfuniko wake.

Mama yako.